Sikumfuata Huyo

Ezidwadweni
Ijumaa, 8 Machi 2019

Dada Nokubonga,

Usinune kwa sababu simu yangu haipatikani. Mnara wa huku uliibiwa betri tangu Krismasi na wenye mnara hawana haraka. Barua anazibeba mzee Hadebe, dereva wa gari la mikate, kila Jumatatu na Ijumaa. Funga saluni dakika tano, nunua bahasha, acha uvivu.

Nimefika salama. Ofisi ya maji imenipa chumba nyuma ya pampu, na kazi ya kupima visima kumi na kimoja na bwawa moja linaloshuka kila siku kwa unene wa kidole. Najua utauliza: ndiyo, ni vilima viwili tu kutoka kwa mama. Sikuchagua. Ilikuwa Ezidwadweni au nikae bila kazi, na wewe mwenyewe, dada niliyempata Durban, ndiye uliyenifungia sanduku. Mimi na mama hatujasemezana miaka minne, tangu nilipomwambia nafanyiwa upasuaji wa kifua, na sina mpango wa kwenda kupiga hodi. Huku hakuna anayenijua. Niliondoka nikiwa Hlengiwe wa miaka kumi na tisa, nywele za kusuka. Nimerudi Philani mwenye ndevu, na hata mwenye duka aliyekuwa akinipa peremende utotoni ananiita bosi.

Jana nilipeleka kliniki barua yangu ya rufaa. Muuguzi ni mmoja tu, Sista Mkhabela, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Aliisoma barua polepole mpaka pale daktari wetu wa Durban alipoandika kwamba zamani nilisajiliwa kwa jina la Hlengiwe Zungu.

“Huyu Hlengiwe ni wa MaMbatha? Wa ng'ambo ya mto?”

“Ndiyo mimi, Sista. MaMbatha ni mama yangu.”

Akaigeuza barua kifudifudi mezani. Akatoka nje kwenye bomba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka mazikoni. Aliporudi akaniambia daktari huja Jumanne moja na kuruka ya pili, nije tarehe 19. Halafu akatazama nyuma yangu akasema, “Na mwenzako aingie au atoke, asisimame mlangoni.” Niligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sindano yangu ya homoni ni tarehe 12. Wiki moja haitaniua. Lakini tangu jana sijatulia.

Wako,
Philani


Durban
Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu Philani,

Barua yako inanukia mkate. Wateja wote wameinusa, mmoja akauliza kama nimepata mchumba mwoka mikate.

Sasa sikia. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, lakini wazee hawakuwa wakisubiri sindano ya kila wiki tatu. Barua yako ina muhuri, ina saini, haina kosa. Nenda ukae kwenye benchi mpaka wakuchoke. Nakujua wewe, unaweza kumwomba radhi hata mtu aliyekukanyaga.

Nilikwenda hospitalini nikawaomba wakuchome hata moja tu, uje Jumamosi urudi Jumapili. Yule mama wa mapokezi akasema faili lako lilifungwa siku ile ile walipoandika rufaa, sasa wewe ni mgonjwa wa Ezidwadweni. Nikamwambia Ezidwadweni hawamjui. Akasema basi wamjue. Nilitoka pale nimefura, nikaunguza nywele za mteja wa kwanza.

Kuhusu kunawa mikono, usiwaze. Wauguzi hunawa. Lakini nieleze: alisema nini juu ya mama yako? Neno kwa neno. Na huyo wa mlangoni, alisema ni mwanamke au mwanamume? Naandika haraka, kuna mtu ana dawa kichwani inamwasha.

Nokubonga


Ezidwadweni
Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Umenificha kitu. Mtu asiyejua kitu haulizi neno kwa neno.

Jumanne nilifika kliniki saa moja asubuhi, nikawa wa tatu kwenye benchi. Daktari alikuja. Wote wakaitwa, mpaka aliyefika saa tano. Mimi sikuitwa. Saa nane daktari akaondoka na gari lake, nikamfuata Sista kwenye chumba cha mafaili.

“Sista, mimi nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu, mwanangu. Ila faili siwezi kulifungua. Bila faili daktari haandiki, na asipoandika hospitali ya wilaya haitoi dawa. Sikuupanga mimi utaratibu huo.”

“Basi fungua faili.”

Akavuta droo ya chini kabisa. Mle wanaweka kadi za waliokufa, zimefungwa kwa uzi mweusi. Akachukua moja bila kutafuta. Ilikuwa kadi yangu ya chanjo. Hlengiwe Zungu, uzito wangu, surua, na alama ya msalaba ya mama mahali pa saini.

“Huyu tulimleta nyumbani,” alisema. “Mama yake alimfuata Durban kwa tawi. Nilikuwepo alipoingizwa uani, nikanawa mikono pamoja na wengine. Sasa unataka nimfungulie faili nimchome sindano? Aliyeletwa nyumbani haamshwi, mwanangu. Hata kwa dawa.”

Wewe mtoto wa mjini labda hujui. Mtu akifia mbali, nyumbani hukata tawi la mkunazi mwitu, lile lenye mwiba mmoja unaotazama mbele na mwingine uliopinda nyuma. Wanakwenda nalo mpaka pale alipokata roho, wanamwita jina, wanarudi naye. Tawi hufuata maiti, Dada. Mimi nilifia wapi?

Nikamwambia Sista nina moyo unaopiga, anipime. Alinipima. Alinishika kifundo cha mkono akatazama saa yake dakika nzima. Kisha akaniachia. “Mapigo nimeyasikia,” alisema. “Sijui tu ni ya nani.”

Leo ni siku ya kumi tangu tarehe ya sindano. Jasho linanijia ghafla, na chini ya kitovu kuna lile kuvuta nililokuwa nimelisahau. Naogopa, nasema wazi. Maumivu siyaogopi. Naogopa mwili wangu kurudi ulikotoka bila kuniuliza.

Na kuna jambo jingine, usicheke. Asubuhi nikienda kupima bwawa, matopeni pembeni ya nyayo za viatu vyangu za jana nakuta nyayo za mtu pekupeku. Zinakwenda sambamba na zangu mpaka kwenye kijiti cha kupimia, na zinarudi sambamba. Kidole cha pili ni kirefu kuliko cha gumba. Leo nilivua kiatu nikaweka mguu wangu juu yake. Ulienea.

Philani


Durban
Ijumaa, 29 Machi

Philani,

Kaa chini kabla hujasoma. Ndiyo, nilikuficha.

Ilikuwa siku ya pili baada ya upasuaji wako. Bado umelala na mipira ya kutolea damu ubavuni, nami nilikuwa nakwenda kukununulia maji ya matunda. Langoni pa hospitali nikamkuta mwanamke amejifunga shuka begani, ameshika tawi la miba, amelizungushia kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Alikuwa akizungumza nalo. “Hlengiwe, ni mimi mama yako. Nimekuja kukuchukua. Inuka twende nyumbani.” Nilimjua kwa sura yako. Nikamkimbilia nikamwambia, “Mama, mwanao hajafa. Yuko wodini, ameamka, anakula. Njoo umwone.”

Hakunisalimu. Alinitazama huku machozi yanamtoka, akasema, “Sikumfuata huyo.”

Maneno mawili tu, akageuka. Nilimwandama mpaka kituo cha basi, labda nilitaka kumtukana, sijui. Alilipa nauli ya viti viwili. Kila kitu alikuwa akiliambia lile tawi: tunavuka barabara sasa, tunapanda ngazi, kaa wewe dirishani. Basi lilijaa mpaka watu wakasimama. Bwana mmoja akataka kukikalia kile kiti. Aliinama, halafu akajizuia akasema, “Samahani, dada,” akarudi kusimama. Hakumwambia mama yako. Alikiambia kiti.

Ningekuambiaje? Ulikuwa na mishono. Kisha ukapona, ukaanza kucheka, nikasema yameisha. Nisamehe. Mimi mama yangu alinitoa kwa fimbo ya ufagio na hakunitafuta tena. Wako alikuja mpaka Durban, akalipa viti viwili. Ukitaka ukweli wote, nilikuonea wivu.

Rudi, Philani. Kazi zipo. Nitakupa kiti cha kuoshea nywele.

Nokubonga


Ezidwadweni
Jumanne, 9 Aprili

Dada Nokubonga,

Nilikasirika siku nne, sasa basi. Sirudi. Nikirudi nitaanza foleni upya huko, na hapa nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni kadi yenye uzi mweusi. Jumapili nilikwenda kwa mama.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama utosini. Nilisimama nje ya ua nikabisha kama mgeni. Alitoka. Amezeeka kuanzia magotini. Akanitazama, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani.

“Zungu.”

“Aa, Manzini.” Ndilo jina la heshima la ukoo wetu. “Basi umefika nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa Zungu. Ingia upoe.”

Alinikalisha kulia, upande wa wanaume. Nyuma kabisa ya nyumba, mahali pa wahenga, lile tawi limeegemezwa ukutani. Limekauka kama kuni, lakini majani hayajapukutika. Mbele yake kuna bakuli la maziwa ya mgando. Kushoto, upande wa wanawake, upo mkeka wangu wa zamani na gauni langu la kanisani limekunjwa juu yake. Akaniletea chakula, akaanza kuzungumza kama watu wanavyozungumza na mgeni.

“Nina binti. Miaka minne ametulia. Tangu mwezi wa tatu uanze, hakai. Nikiamka nakuta mkeka umekunjuliwa na tope limetapakaa sakafuni. Nafagia tope la bwawa ndani ya nyumba, Manzini, na bwawa liko vilima viwili.”

Nilitaka kusema, mama, ni mimi. Mdomo ulishafunguka. Hapo hapo nikahisi joto mapajani. Dada, ilikuja. Karibu miaka mitano sijaiona, ikaja pale, kwenye kigoda cha wanaume, mbele ya mama yangu. Niliinuka nikaona doa, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani.

Hakushtuka. Alikwenda upande wa kushoto akafungua kisanduku, akaniletea kitambaa kilichokunjwa mara tatu, pembe zimeingizwa ndani, vile vile alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na tatu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, macho chini, kama mtu anayempa mgeni wa heshima.

“Nenda, Manzini,” alisema. “Jua litakuwia kali njiani.”

Nimevuka vilima viwili nikilia kwa sauti, kwa sauti hii yangu nzito. Na kila niliposimama, nyuma yangu kulikuwa na hatua moja iliyochelewa kusimama.

Philani


Ezidwadweni
Jumatano, 17 Aprili

Kwa Philani Zungu,

(Anayeandika ni Sista Mkhabela, kwa sababu mama yako hajui kuandika. Jina hapo juu amelitamka mwenyewe, sikumsaidia. Naandika anavyosema.)

Manzini, habari za kazi. Mimi sijambo, magoti tu.

Siku ile nilikujua kabla hujabisha. Mtu hamsahau aliyemzaa kwa sababu ya ndevu. Niliogopa kukutaja jina kwa sababu yule wa kwenye mkeka alikuwa anasikiliza.

Nataka nikuambie kosa langu. Ndugu za baba yako walisema Hlengiwe amekufa na habari iishe hapo. Mimi nikasema kama amekufa, sitamwacha azurure kwenye lami ya Durban, mtoto wangu. Nikakata tawi peke yangu. Kila mtu anajua: ukishika tawi husemi na mtu. Hata ukikanyagwa, hata ukiulizwa njia. Unasema na yule unayemleta, basi. Nilinyamaza kutoka hapa mpaka Durban. Halafu pale langoni yule rafiki yako akaniambia uko hai, unakula. Na mimi nikamjibu. Nikasema sikumfuata huyo.

Neno lile lilipanda basi pamoja nasi. Hlengiwe alilisikia. Alijua kuna mwingine nimemwacha langoni. Kwa hiyo hakufika kamwe, alikaa tu kwenye mkeka miaka minne kama mtu anayengoja mwenzake. Ulipokuja huku, akatoka kukutafuta. Hakutakii mabaya. Anakuita kwa njia anayoijua.

Na mimi niliumia, Manzini. Nililia kwa ajili ya yule, na kila nilipolia nilijua kuna mtu wodini anakula bila mama. Nililijua hilo kila siku.

Jana nimelibeba tawi mpaka kliniki. Nikamwambia Sista, mimi nina watoto wawili, mmoja nilimleta, mmoja nilimwacha. Yule niliyemwacha anahitaji dawa yake. Mfungulie faili.

(Ni kweli, alisema hivyo mbele ya wagonjwa wote, na daktari alikuwepo. Faili jipya nimelifungua kwa jina la Philani. Daktari amesoma barua yako ya rufaa na ameagiza dawa wilayani. Itafika Jumanne tarehe 23, na amekubali kuja siku hiyo akuone. Nilikukosea, mwanangu. Nilihofia kumgusa mtu ambaye amekwisha kuagwa, nikasahau kwamba wewe hakuna aliyekuaga. Sista M.)

Njoo Jumanne. Kuna neno sijalisema, na sitaki kulisema kwa mkono wa mtu mwingine.

X
MaMbatha


Ezidwadweni
Ijumaa, 26 Aprili

Dada Nokubonga,

Nimechomwa. Tako la kushoto, na Sista ana mkono wa fundi seremala. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Ijayo ni tarehe 14 Mei, imeandikwa kwenye kadi mpya, juu yake jina langu kwa herufi kubwa. Nimeiweka chini ya mto kama mtoto wa shule.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu nimeshindwa kumweleza mtu mwingine. Lile benchi hukaa watu wanane. Jumanne walikuwa kumi na watano, wengine wamesimama na watoto mgongoni. Mama alifika kabla yangu, tawi mapajani. Kati yake na mimi ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeikalia. Bibi mmoja aliisogelea, akainamisha kichwa kama anayesalimu, akarudi kuegemea ukuta.

Nilipoitwa, mama aliinuka nami mpaka kizingitini. Pale akalitazama tawi, akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu anasikia, “Hlengiwe, huyu ni kaka yako Philani. Nilimwacha langoni. Leo nimemfuata yeye.” Kisha akaniambia, “Ingia, mwanangu.”

Nilimwambia, “Mama, umechelewa sana.” Ndicho kilichonitoka. Akasema, “Najua.” Nikaingia.

Kwenye faili kuna mahali pa ndugu wa karibu. Sista aliuliza huku mlango uko wazi, na mama akajibu kutoka nje: mama, MaMbatha. Akalihamishia tawi mkono wa pili. Halafu akasema, “Na dada mmoja.” Sista akaniangalia mimi, kalamu iko juu. Unajua nimesema miaka yote kwamba hapakuwa na Hlengiwe, nilikuwa mimi tu, nimeitwa vibaya. Bado nasema hivyo. Mimi sikufa na sikuzaliwa hospitalini Durban. Lakini nilimwona mama kupitia ule mlango, ameshika miba bila kuihisi, nikamwambia Sista aandike.

Jana na leo kwenye bwawa kuna nyayo za viatu peke yake. Nimezihesabu mara mbili, ndiyo kazi yangu.

Tulipomaliza, mama aliliambia tawi, tunatoka sasa, kuna ngazi hapa, angalia mguu. Akatangulia yeye. Mimi nikabaki nimeushika mlango, tako linaniuma, foleni nzima inanitazama. Niliushika mpaka nikahisi kitu kama upepo kinanipita ubavuni, taratibu, kikinukia mafuta ya nywele niliyokuwa nikipaka shuleni. Kisha nikaufunga mlango, nikawafuata.

Mdogo wako,
Philani